Mkono Ulioshika Blanketi

Iko alasiri moja ambayo hunirudia kila mvua ya mawe inapoanza kupiga mabati ya nyumba yangu hapa Sironga. Leo nataka nikugawie, mwanangu, kwa sababu nimesikia unamaliza masomo ya uuguzi mwaka huu na kamati ya harusi yako imeshaanza kukutana. Mmeniingiza hata kwenye lile kundi lenu la simu. Ninasoma habari za mahema, keki na rangi za nguo, na moyo wangu unafurahi. Lakini hakuna aliyeuliza neno ambalo mimi niliulizwa nikiwa na umri wako: wewe uliye nesi na wewe uliye mke wa watu, ni nani kati ya hao wawili atakayeingia wodini?

Nilikuwa mwaka wa mwisho. Mchumba wangu, Nyakundi, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi upande wa Nyamarambe. Ng'ombe walikuwa wamekwisha kufika kwa baba yangu, nguo iko kwa fundi, mchungaji ametangaza kanisani. Baba yake, Mzee Onchari, nilikuwa nimemwona siku ya mahari tu, nikimwekea chakula macho yakiwa chini. Mama yake sikumkuta. Alikuwa amezikwa nyuma ya nyumba kabla sijamjua Nyakundi.

Ninyi mmezaliwa wakati mambo haya yamelegea, kwa hiyo nikueleze. Kwetu Wakisii kuna chinsoni, ile haya iliyowekwa kati ya mzazi na mtoto, na zaidi kati ya mtu na mkwe wake. Chumbani mwake huingii, kitandani mwake huketi, na mwili wake huuoni kamwe. Wazee waliiweka kama ua wa boma. Aliyeuruka aliitiwa wazee, na pengine ndoa iliishia hapo.

Basi Mzee Onchari alianguka shambani mwake kati ya migomba, akaletwa katika wodi niliyokuwa nikifanyia mazoezi. Hakusema, hakufumbua macho. Nyakundi alinivuta kando akaniambia, "Kerubo, tafadhali, wewe usimguse." Shangazi yake, dada wa mzee, aliongeza bila kushusha sauti, "Ukiuona mwili wa kaka yangu, hiyo nguo iliyo kwa fundi umpe mwenzako."

Nikaahidi. Msimamizi wa wodi, Sista Zuhura, mama wa Kiislamu kutoka Kisii mjini, hakubishana nasi. Kazi ya mzee akampa mwanafunzi mwenzangu wa kiume, Ondieki.

Sasa sikiliza. Ondieki alipomgeuza mzee, au Sista alipomwosha, mikono yake ilikuwa mizito na milegevu, kama ya mtoto aliyelala. Lakini nilipopita mimi, hata kwa mbali nikielekea dirishani, mkono wake wa kulia uliinuka, ukakamata blanketi na kulivuta hadi kidevuni. Macho yamefumbwa. Uso hautikisiki. Mara ya kwanza nilisema ni mshtuko wa misuli. Kisha Ondieki, aliyependa mzaha, aliniambia nivue viatu nipite bila sauti. Nikapita. Mkono ukainuka. Ondieki hakucheka, na baada ya hapo hakutaka tena kulizungumzia.

Kwenye kitanda cha pili palikuwa na mzee wa Marani aliyefungwa bandeji machoni. Asubuhi moja aliniuliza, "Huyu jirani yangu, mke wake huondoka saa ngapi?"

"Hana mke, mzee. Alifariki."

Akageuza sikio kuelekea kitanda kile. "Basi ni nani huyu anayekaa naye? Ana ebitinge miguuni. Nasikia vikigongana akibadilisha mguu."

Ebitinge, mwanangu, ni zile pete za chuma ambazo mama zetu wa zamani walivaa miguuni walipoolewa kwa heshima. Wakati ule zilikuwa zimebaki kwa wazee tu. Mimi ni mtu wa Sabato na sitakufundisha kuogopa wafu. Wafu wamelala, wanangoja kuitwa na Mwenyewe. Ninakupa tu kile nilichosikia kwa masikio yangu, na nilikisikia mchana.

Siku hiyo ilikuwa baada ya chakula. Ondieki alikuwa ameondoka na mgonjwa aliyehamishiwa hospitali kubwa. Wingu lilishuka kutoka upande wa Nyamira, wodi ikawa na giza, kisha mawe yakaanza kupiga mabati hata ukisema na mtu unamwona midomo tu. Umeme ukakatika. Wakati huohuo akaletwa mtu aliyejikata paja kwa panga akipunguza michai, na Sista Zuhura akaweka mikono yote miwili juu ya kidonda akaegemea kwa uzito wake wote.

Nikamsikia Mzee Onchari akiguna. Nilipokaribia niliona tumbo lake limepanda chini ya blanketi, limevimba na kukaza. Shuka ilikuwa kavu tangu asubuhi. Mkojo ulikuwa umeziba. Umefundishwa, unajua: mtu wa namna hiyo hangoji mvua ikatike. Alitaka kuwekewa mpira wa mkojo, na wa kumwekea nilikuwa mimi peke yangu.

Nilivuta pazia. Nilivua viatu, sijui kwa nini. Nikajiambia nitafanya upesi, gizani, na hakuna atakayejua, si Nyakundi, si shangazi. Nikashika ukingo wa blanketi. Mkono ule ukakaza. Nilijaribu kuvifungua vidole, kimoja baada ya kingine, navyo vilikuwa baridi na vigumu kama mzizi. Hapo mawe yakapungua kwa ghafla, na katika ule ukimya nikasikia chuma kikigusa chuma, polepole, upande wa pili wa kitanda ambako hapakuwa na mtu.

"Mama amesimama," alisema yule mzee wa Marani nyuma ya pazia, kama mtu anayekueleza hali ya hewa. "Kuna kitu hakitaki."

Nilikimbia kwa Sista Zuhura. Nilimwambia siwezi, ni mkwe wangu, na mchungaji ametuhubiria juu ya wale wana waliomfunika baba yao wakirudi kinyumenyume wasimwone.

Hakuinua mikono kwenye kidonda. "Baba yao alikuwa amelewa," alisema. "Wako anakufa."

"Haachilii blanketi, Sista."

Akanitazama miguuni. "Viatu viko wapi?"

Nikageuka kulitazama pazia nilikoviacha.

"Umemwendea kama mwizi, Kerubo. Umevua viatu, umefunga pazia, umenyamaza, unataka ufanye na isijulikane. Ni nani humwachia mwizi blanketi? Mficha uchi hazai, na mficha hofu hauguzi. Vaa viatu. Mwambie wewe ni nani na umekuja kufanya nini. Anayesikia na asikie."

Mwanangu, nimekemewa na wengi, lakini kemeo lile lilikuwa dawa. Nilivaa viatu nikarudi nikitembea kwa kishindo. Nilisimama pale na kusema kwa sauti, wodi nzima ikisikia, nikimwita baba kwa lugha yetu, "Tata, mimi ni Kerubo, binti wa Sironga, yule anayetaka kuolewa na mwanao. Nitakufunua na nitakuona. Sitaficha. Nitawaambia watu wako kwa kinywa changu. Wakikataa harusi wakatae, lakini wewe ukojoe kwanza."

Mkono ukafunguka. Haukuanguka kama mkono wa mtu asiye na nguvu. Vidole viliachia taratibu, ukashuka ukalala ubavuni. Nikafanya kazi yangu kama nilivyofunzwa, nikimweleza kila nilichofanya. Maji yalipoanza kuingia kwenye mfuko, mzee alivuta pumzi ndefu, na tumbo likalegea mbele ya macho yangu.

Kesho yake, saa ya kuwaona wagonjwa, niliwaambia Nyakundi na shangazi. Nyakundi alishika kichwa. Shangazi alisema hakuna harusi, akaenda kuwaambia na wengine. Nililia, sitakudanganya. Nguo ikabaki kwa fundi, na kanisani watu wakaanza kuniuliza hali yangu kwa sauti ya matanga. Lakini nilipolala nililala, kwa sababu sikuwa na kitu cha kulinda.

Kisha mzee akaamka. Alianza na maji, akafuata uji, na ulimi uliporudi aliuliza, watu wake wakiwa wamekizunguka kitanda, "Ni nani alinifungua siku ya mawe?"

Nikajibu mimi, nikiwa mlangoni.

Hakunitazama. Aligeuza uso ukutani, kama inavyompasa mkwe. "Nilikuwa nimeshika blanketi na mama Nyakundi," alisema. "Mimi upande huu, yeye upande ule. Tulisikia mtu anakuja bila miguu, tukashika. Halafu akaja mwenye viatu, akataja jina lake na kwao. Mama Nyakundi ndiye aliyeachia kwanza."

Shangazi alitafuta kiti akaketi. Mzee aliendelea, "Na akiachia yeye, mimi ni nani nizuie? Kuanzia leo msichana huyu ataniita Sokoro, babu yake. Mjukuu na babu yake hawana chinsoni. Atanitania, nami nitamtania."

"Na akizaa," shangazi aliuliza, hajakubali bado, "hao watoto watakuitaje?"

"Mzee mwenzao," akasema kwa utani, na hapo ndipo akageuza uso akanitazama.

Niliolewa, na nilimwita Sokoro mpaka tulipomzika. Kuhusu chuma kilicholia, huenda kilikuwa kitanda kibovu. Nimemuuliza Mungu katika maombi yangu. Hajanijibu, nami nimeacha kumsumbua, kwa kuwa ninamshukuru kwa mengi kuliko ninayomdai.

Sasa nasaha yangu ni hii. Usiende kwa mgonjwa wala kwa mumeo bila miguu. Kimya kingi kina mshindo mkubwa. Kila kitanda utakachokiendea, taja jina lako, sema umekuja kufanya nini, hata kama aliyelala hasikii kwa kipimo cha vitabu vyenu. Ukifanya jambo linaloweza kukuvunjia harusi, lifanye ikiwa ni la haki, kisha uwe wa kwanza kulisema. Haya ya wazee iheshimu, maana inalinda watu. Lakini ikifika mahali pa kumuua yule inayemlinda, simama na uombe ruhusa kwa sauti.

Mungu wa baba zetu aitie mikono yako joto, mwanangu, ili anayeguswa nayo asiogope. Nyumba unayoiingia ikupokee, walio hai ndani yake na waliolala nyuma yake. Na siku utakapokuwa wewe chini ya blanketi, akujie mtu mwenye jina na viatu miguuni. Amina.