Rimu Hupimwa Ndani: Mama Njiti na Barabara ya Changarawe

Leo ni Jumamosi, tarehe kumi na nne Juni, mwaka elfu mbili na ishirini na tano. Saa mbili asubuhi, mlango wa chuma wa karakana iliyo nyuma ya duka la saruji umekwisha kufunguliwa. Mama Njiti ameketi kwenye kigoda, gurudumu la baiskeli limelala mapajani pake kama mtoto anayevishwa soksi.

Anachomoa njiti moja ya ufagio, anaiingiza ndani ya rimu kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, kisha anaikata kwa meno. Kipande kinachobaki kina urefu wa milimita kumi na saba. Hicho ndicho kipimo chake, na ndicho kilichompa jina analoitwa na wateja.

Mbele yake amesimama wifi yake, muuza mayai, mikono kiunoni.

"Wifi, kaka yangu alioa fundi au alioa mfagiaji?"

"Alioa mwenye subira. Asiye na subira asingekaa na wifi kama wewe."

Wanacheka, lakini hakuna kati yao aliyesahau kilichowakutanisha. Kabla ya saa tano, trei tatu za mayai zinatakiwa kufika katika jiko la shule ya bweni, ng'ambo ya kilima. Mpishi mkuu ametamka bila kupepesa macho kwamba mayai yakifika mazima, muuza mayai atayapeleka kila Jumamosi, na yakifika yamevunjika, kazi atapewa mwingine.

Lami huishia nusu ya safari. Kuanzia hapo ni changarawe tupu, mteremko, na ile kona ambayo mwaka jana ilimtupa muuza mayai mtaroni na kumvunja mkono wa kushoto. Siku hiyo alirudi na trei, hakurudi na yai.

Ndiyo maana wiki hii amenunua matairi mapya, mapana kuliko yote yaliyokuwa dukani: milimita hamsini na nne.

"Tazama lilivyonona," anasema, akilipapasa mojawapo. "Hili haliniangushi hata nikifumba macho."

"Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Rimu uliipima wapi?"

"Kwani rimu inapimwa wapi? Nimeweka rula juu, huku na huku. Ishirini na tatu."

"Umepima nje."

"Si ndiko kunakoonekana?"

"Tairi halikai nje, wifi. Linashika kingo za ndani. Wewe umenunua kitanda kwa kupima nyumba ukiwa barabarani, ukasahau kwamba ukuta nao una unene wake."

Kwa barabara ya changarawe, Mama Njiti hutaka tairi lenye upana wa kati ya mara moja na nusu na mara mbili na nusu ya nafasi ya ndani ya rimu. Likizidi hapo, hufura juu ya rimu kama uyoga juu ya kikonyo chake, na kwenye kona huinama upande. Likipungua, kuta zake hutanuka na jiwe hugonga chuma. Muuzaji wa matairi hakukosea hesabu; aliletewa ishirini na tatu, akatoa tairi la rimu ya ishirini na tatu.

Muuza mayai hakubali. Mama Njiti habishani naye. Anayafunga matairi yale mapana, anapunguza upepo kama changarawe inavyotaka, kwa kuwa tairi gumu hurukaruka juu ya kokoto, kisha anafunga kwenye kiti cha nyuma trei yenye mayai sita tu.

"Haya, zunguka uani."

Uani kumemwagwa kokoto za duka la saruji. Mzunguko wa kwanza unapita. Kwenye kona ya pili, tairi la mbele linainama, usukani unacheza, muuza mayai anashusha mguu upesi, na yai moja linaruka na kupasukia mawe.

"Hilo lilikuwa la kaka yako," anasema Mama Njiti. "Leo chai atakunywa kavu."

Wifi yake hacheki. Anautazama ule mkono wa kushoto, anakunja na kukunjua vidole.

Mama Njiti anatungua ukutani matairi mawili yaliyokwisha kutumika, ambayo kuta zake hazina ufa. Analibana moja kati ya vibao viwili na kuhesabu kwa kipande chake cha njiti: mara mbili na kidogo. Namba iliyo ubavuni inakubaliana naye, thelathini na nane.

"Jembamba hivyo? Watu watasema nimepanda waya."

"Waseme. Wewe zunguka."

Anazunguka mara ya kwanza kimya. Mara ya pili anakaza mwendo. Mara ya tatu anaimba.

Saa tatu na nusu, trei tatu zimefungwa kwa mipira, naye anaondoka bila kuaga.

Mama Njiti anabaki akifuta mikono. Kazi hii alifundishwa na baba mkwe wake, fundi aliyeanza kutetemeka mikono kabla ya kupata mrithi. "Aliwaita wanawe wote," anakumbuka. "Huyu wifi yangu alikimbilia kuku. Mimi bibi harusi mpya sikuwa na pa kukimbilia, nikashika bisibisi."

Mwaka wa kwanza, wateja walifika na kumwuliza fundi yuko wapi. Alikuwa akiwajibu: "Unamtazama." Wengine waligeuza baiskeli zao. Siku hizi, siku njema humletea baiskeli sita; siku mbaya hurudi nyumbani na mafuta ya mnyororo tu mikononi. Hata siku mbaya hafungi tairi lisilolingana na rimu, na wapo wanaomwita mkaidi.

"Mteja akinuna leo, kesho atarudi," anasema. "Akivunjika shingo, harudi."

Saa tano inapita. Mara mbili anatoka mlangoni na kutazama upande wa kilima, kisha anarudi kukaza spoku ambazo tayari zimekazwa.

Karibu saa saba, kengele ya baiskeli inalia. Muuza mayai ameingia, vumbi hadi kwenye nyusi, trei zote tatu tupu.

"Yamevunjika mangapi?" anauliza Mama Njiti, bado ameshika spana.

"Moja."

"Kwenye kona?"

"Kwenye kona nimepita kama bibi harusi. Limevunjikia jikoni. Mpishi kalipasua mwenyewe, eti aone kama halijaoza." Anakung'uta vumbi kwenye nyusi. "Jumamosi ijayo wanataka trei nne, wifi yangu."

Mama Njiti anakaa chini. Anacheka mpaka spana inamponyoka.

Matairi mapana yananing'inia msumarini. "Hayana kosa," anasema. "Nitayatafutia rimu yao." Kuanzia mwezi ujao, kila Jumamosi alasiri, amekusudia kuwafundisha wanawake wanaovusha mizigo kilimani kwa baiskeli: maziwa, mkaa, mboga. Hakuna ada. Kila mmoja atakuja na njiti yake, na mwanafunzi wa kwanza amekwisha kujiandikisha, yule aliyekimbilia kuku.

Nawe msomaji, ukimaliza habari hii usiifungie maandazi kwanza. Mpelekee jirani, shemeji au dada apandaye baiskeli kwenye changarawe, na kama hajui kusoma, msomee kwa sauti. Kisha chomoa njiti moja kwenye ufagio wako, umkabidhi, umwambie apime ndani.