Ngoma Iliyofunikwa Kitambaa

Mwanangu, ipo asubuhi moja ambayo vidole vyangu vinaikumbuka kuliko kichwa changu. Niliondoka Simbo umande haujakauka, bila safari wala sababu. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la tano, na tangu hapo kila njia niliyoiona niliifuata. Nikafika Katonga, nikasimama kuwatazama akina mama wakianika dagaa, mpaka mmoja akanicheka.

“Wewe kijana, hiyo miguu ina mwenyewe kweli? Nenda Ujiji basi. Leo mafundi wamefungua karakana zao, kila mtu anaingia kutazama. Si ndiyo kazi yako?”

Nikaenda. Nilitazama wachongaji na wasusi wa mikeka, mwisho nikafika kwa Mzee Ntahondi, fundi wa ngoma aliyetoka Burundi zamani. Mlangoni pake alikaa mama mmoja. Nilimwamkia, akaitikia bila kunigeukia. Alikuwa akitazama ndani tu.

“Hizi za ukutani pigeni mpaka mchoke,” mzee alituambia wageni. “Ile yenye kitambaa cheupe iacheni. Aliyeiwamba ndiye huipiga mara ya kwanza, naye hajarudi.”

Aliyeiwamba alikuwa mwanafunzi wake, Zabroni, aliyevuka ziwa kutafuta gogo la ngoma nyingine. Mvua za miaka mitatu zilikuwa zimepita. Yule wa mlangoni alikuwa mama yake, na kila siku ya wageni alikuja kungoja sauti ya ngoma ile.

Ningeishia hapo, mwanangu, leo nisingekuwa na la kukusimulia. Lakini mzee alipowatoa wenzangu uani kuwaonyesha ngozi zinavyokaushwa, yule mama naye akiwafuata, mimi nikabaki. Nikajiambia nitainua kitambaa tu. Nikainua. Nikajiambia nitagusa tu. Ngozi ilikuwa na joto kama la mgongo wa mtu, na mle ndani jua halikufika. Nilikusudia pigo moja. Mikono ikapiga saba, kwa mdundo ambao sikuwahi kufundishwa na mtu, nami nikiitazama kama si yangu.

Nikasikia hatua uani.

“Mwana wanje!” Mama yule alikuwa anakimbia kutoka uani, akiita mwanawe kwa Kirundi. “Huo ndio mkono wake!” Kisha akaniona.

Mzee Ntahondi hakunipiga wala hakunitukana. Alikiokota kitambaa, akakikunja polepole. “Asubuhi mama huyu alikuwa na mtoto wa kumngoja,” akasema. “Sasa ngoma imekubali mkono mwingine, nayo haikubali mwingine mwenyewe akiwa hai. Mwambie.”

Nikamgeukia. Mama mwenyewe ndiye aliyesema: “Utalala wapi?”

“Sijui, mama.”

“Twende.”

Nyumba yake ilikuwa karibu na maji. Uani palikuwa na ndoo ya maji ya kuoga inayofuka mvuke, na kando yake jiko lenye majivu yaliyokwisha kupoa. Ndani, sahani mbili, na kitanda kilichotandikwa shuka safi.

“Maji umepasha saa ngapi, mama?”

“Alfajiri. Nilijua leo itapigwa.”

Nilioga, sikuuliza tena. Jua lilipokuwa linazama nyuma ya milima ya Kongo nilijilaza kwenye kitanda cha Zabroni. Vidole vikaanza vyenyewe kugonga ubao, mara saba. Upande wa pili wa ukuta, chumbani kwa mama, vidole vingine vikajibu, mara saba. Halafu nikamsikia mama akilia, kilio kirefu cha msiba, kilichochelewa miaka mitatu. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sijui kama alipona. Najua siku ya wageni iliyofuata hakwenda kukaa mlangoni.

Sasa nawe unataka kwenda Ujiji kuzunguka karakana za wasanii. Nenda, macho hayana pazia. Uliza mpaka wakuchoke, kuuliza si ujinga. Lakini mkono utie adabu. Kazi isiyokamilika ina mtu inayemngoja, nawe humjui. Na ukishakosea, usikimbie. Kaa na uliyemuumiza, hata kama huna la kumwambia, maana mimi nilichoweza kumpa mama yule ni kulala tu pale aliponiambia nilale.

Mungu akutangulie njiani, akupe mlango wa kukupokea kila jua linapozama, na mikono yako iwe yako siku zote.