Mstari wa Kumi na Tatu

Ukiingia ofisi ya elimu asubuhi hizi utasikia feni, na karani akigeuza kurasa za gazeti. Hakuna zaidi. Kwa miaka ishirini na sita chumba cha mwisho kilitoa mlio wa taipureta, baadaye wa kompyuta, lakini mpigaji alikuwa yuleyule na vidole vyake havikujua tofauti. Aliigonga kompyuta kama mtu anayedai chake. Tulimwita Mama Nukta, kwa kuwa enzi za taipureta nukta zake zilitoboa karatasi. Ukiinua barua dirishani unaona mwanga.

Hakujaliwa kuzaa. Alikuwa na mtoto wa kaka yake, binti wa miaka minane asiyesema, ambaye akifika nyumba yoyote kwanza hupanga viatu vya mlangoni, kuanzia kidogo hadi kikubwa, na ole wako uvae chako kabla hajamaliza.

Fomu ya kuwapima watoto kama huyo alikuwa ameichapa mwenyewe mara zisizo na idadi. Ilikuwa na mistari kumi na miwili, yote ikiuliza mtoto ameshindwa nini. Akipata tiki saba anapelekwa bweni la mbali, mwendo wa siku mbili. Binti alipata nane. Wifi yake aliileta karatasi ile ofisini, akaiweka mezani kama anayerudisha sufuria iliyotoboka. Shule zilikuwa zinafunguliwa baada ya wiki sita.

Siku hizohizo ikaja amri kwamba mambo yabadilike, watoto wote wapimwe upya kwa fomu mpya. Kamati ilikaa siku nne, ikanywa chai nyingi, ikazaa mistari ileile kumi na miwili kwa maneno ya adabu zaidi. Mama Nukta akaichapa. Chini pakabaki nafasi ya vidole viwili. Akaongeza mstari wa kumi na tatu: Mtoto hufanya nini vizuri bila kuambiwa?

Mkuu wa ofisi, ambaye hakuwahi kusoma karatasi kupita katikati, akagonga muhuri.

Fomu ziliporudi, makarani waliacha kazi wakawa wanasomeana. Mama mmoja aliandika kwamba mwanawe asiyeona huwatambua wageni kwa nyayo, na waongo kwa kikohozi. Baba mmoja alibandika karatasi mbili za ziada. Bibi mmoja aliandika neno moja tu: Hucheka.

Mkuu akamwita Mama Nukta, akamuuliza nani kamruhusu.

"Nafasi ilibaki, bosi."

"Nafasi ikibaki ndiyo uijaze?"

"Muhuri ni wako."

Kumfukuza kungekuwa kukiri mbele ya kamati kwamba hasomi. Mkuu akavuta rundo la fomu atafute kosa. Alisoma ya kwanza kwa hasira, ya tano kwa udadisi. Kufikia mchana Mama Nukta alikuwa ameketi bila kukaribishwa, na mkuu anamsomea yeye kwa sauti, akijipiga paja.

"Na huyu wa viatu? Huyu ni wa nani?"

"Wangu."

Mkuu akanyanyua simu, akampigia mwalimu mkuu wa shule iliyo nyuma ya soko. Akamweleza habari za viatu, halafu, kwa kusita, za zile tiki nane.

"Tiki bakini nazo huko ofisini," mwalimu alijibu. "Anayejua kidogo na kikubwa ameshaanza hesabu bila sisi. Mleteni Jumatatu, na msaidizi wake mtupe."

Binti alipewa msaidizi. Juma la kwanza darasa zima lilichelewa mapumziko, watoto arobaini pekupeku wakinung'unika mlangoni hadi amalize kupanga viatu vyao. Juma la pili walikuwa wakibishana nani kakua, kiatu cha nani kimesogea kwenye safu.

Mstari ule bado uko kwenye fomu. Mama Nukta alistaafu mwezi wa tatu. Anaishi kwa kaka yake, chumba cha mbele, mtaa mmoja kutoka shuleni.