Makaa ya Mjomba

Efraimu alikuwa mtu wa feni, na alijivunia kazi hiyo kupita kiasi. Kule milimani Ileje, kwenye mtambo mdogo wa umeme uliokula makaa ya mawe usiku na mchana, kulikuwa na watu wa mkanda wa kubebea makaa, watu wa boila, na watu wa majivu waliotoka kazini weupe mpaka kope. Lakini feni, jamani, feni ilikuwa ya Efraimu. Ndiyo iliyovuta moshi na hewa chafu kutoka kwenye tanuri la boila na kuipeleka juu kwenye dohani. Ikisita tu, king'ora kinalia na watu wanatoka mbio, mwingine kaacha hata kiatu. Maana makaa yale yana hewa yake, msimamizi aliwaambia siku ya kwanza kabisa: haina rangi, haina harufu, inamlaza mtu usingizi na haimwamshi. Efraimu aliyashika maneno hayo. Kila akija mgeni kazini alimhubiria, kidole juu, utadhani hewa hiyo kaigundua yeye.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zimefunguliwa, mwanzoni mwa tisini. Tunduma, kule mpakani, ilikuwa imefurika malori na wabadilisha kwacha za Zambia, na shemeji yake Boazi alikuwa mmoja wao, mtu wa kuonekana nyumbani kwa nadra. Mkewe Ferista, dada yake Efraimu na kitinda mimba wa kwao, alibaki kule mlimani karibu na kaka yake. Mwezi wa saba, baridi ikiwa imekaza hadi kuku hawataki kutoka bandani, akajifungua mtoto wa kiume.

Aliyemhudumia katika uzazi ule alikuwa Bibi Nyanzobe, mama yake Luhaga. Luhaga na Efraimu walikuwa zamu moja, huyu boila, huyu feni, na walikula sahani moja. Bibi alikuwa ametoka bondeni Momba, kwa Wasukuma wafugaji, akaja kukaa na mwanawe. Kiswahili chake kilikuwa kizito, macho yake mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka nenda rudi, na mikono yake ilijua kumkanda mzazi na kumwogesha mtoto. Ferista alimpenda. Shikeni hilo, maana baadaye watu wote walijifanya wamelisahau.

Sasa pale mtamboni kulikuwa na mtindo. Mtu akitoka zamu anatia vipande vya makaa kwenye kikapu chake cha chakula, na mlinzi wa getini anaangalia pembeni. Hakuna aliyeuita wizi. Basi Efraimu akajiuliza, mjomba gani huyu anayeshinda na moto mkubwa vile huku mpwa wake anatetemeka? Akampelekea Ferista makaa, na jiko la bati akalibeba yeye mwenyewe. Akamwelekeza: washa nje, acha moshi mchafu uishe wote, yakishakuwa mekundu ndipo uingize ndani.

"Halafu funga mlango, dada. Na hapo dirishani ziba blanketi, joto lisitoroke."

"Kaka, hakutakuwa na shida?"

"Shida gani? Moshi si umeshakwisha? Kwani mimi kila siku nafanya kazi gani?"

Hee! Mtu wa feni huyo. Kichwani mwake hewa mbaya ilikuwa mali ya boila, kitu cha vyuma na king'ora. Haikumpitia akilini hata kidogo kwamba inaweza kukaa kwenye jiko dogo la bati kando ya kitanda cha dada yake.

Jioni ile Bibi Nyanzobe alimwogesha mtoto, akampaka mafuta, akambembeleza, akaaga. Asubuhi jirani alimkuta Ferista anatapika, kichwa kinampasuka, hajui hata yuko wapi. Mtoto alikuwa amelala vilevile alivyolazwa, wa baridi.

Efraimu alifika akitoka zamu. Wanawake walikuwa wamemtoa Ferista uani. Aliposukuma mlango akapigwa na joto zito, akaliona jiko, akaliona blanketi dirishani. Hakukisia. Alijua palepale mlangoni, kabla hata hajamtazama mtoto. Na kitu cha kwanza alichofanya, Mungu amsamehe, maana mimi bado sijaweza, alilibeba lile jiko akalimwaga nyuma ya nyumba. Akafungua dirisha. Ndipo akaanza kulia.

Msibani mawifi, dada zake Boazi, walipanda kutoka Tunduma wakiwa na swali lao moja: nani alikuwa wa mwisho kumshika mtoto? Jibu halikuwa la kutafutwa. Mgeni, mjane, macho mekundu ya kichawi, tena alijuaje mambo ya watoto wa watu kiasi kile? Kabla matanga hayajaanuliwa mawe yalikuwa yanatua kwenye bati la nyumba ya Luhaga. Wanawake ambao Bibi aliwakanda kwa mikono yake wakawa wakimwona wanakata kona. Ferista mwenyewe, aliyempenda, alipotajiwa jina la bibi alijifunika kanga usoni na kusema wamwondoe, hataki kumwona tena.

Efraimu alinyamaza. Alijiambia atasema kesho. Kesho ikaja, akajiambia Ferista apate nguvu kwanza. Alijisingizia kwamba atafukuzwa kazi kwa yale makaa ya kikapuni, na kwamba ana watoto wa kulisha. Uongo mtupu! Alichokiogopa ni macho ya dada yake, basi. Usingizi ukamkimbia, mtu mzima akawa anazunguka kama aliyepoteza kitu njiani.

Luhaga akamfuata kazini, palepale penye feni.

"Ndugu yangu, dada yako anakusikiliza wewe. Mwambie mama yangu hajui kuroga mtu. Mama alikuwa anamwita yule mtoto mjukuu."

"Nitamwambia," Efraimu akasema.

Luhaga akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamshukuru mpaka sauti ikakatika. Efraimu akarudi kwenye feni yake. Na hakumwambia.

Mkutano ukaitwa uwanjani. Bibi aondoke, walisema, kabla vijana hawajamfanya kitu kibaya. Lori la makaa lililokuwa linakwenda Tunduma lilikuwa limesimama likiunguruma, na Luhaga alikuwa ameacha kazi ili ashuke na mama yake. Bibi alikuwa ameketi chini juu ya furushi lake. Alipoamriwa apande akajaribu kuinuka, goti likakataa, akaenda chini mzimamzima. Watu wote wale, hakuna aliyenyoosha mkono. Hapo Efraimu akashindwa kujizuia.

"Mwacheni! Ni makaa yangu! Mimi ndiye niliyempa Ferista makaa, nikamwambia afunge mlango. Hewa ya makaa ndiyo iliyomuua mtoto!"

Mtu mmoja akacheka. "Moshi ulikuwepo?"

"Haukuwepo. Hewa yenyewe haionekani."

"Haionekani, hainuki, halafu inaua. Sasa si ndio huo uchawi tunaousema?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mwenyekiti akamwambia kwa upole kwamba ana moyo mzuri, kila mtu anajua Luhaga ni rafiki yake, basi akae chini. Wifi mmoja akapiga kelele kwamba Efraimu naye tayari ameshachezewa na mchawi. Kadiri Efraimu alivyoapa, ndivyo walivyomwonea huruma. Hata Bibi Nyanzobe alimvuta shati.

"Ahsante, baba, umenitetea," akasema. "Sasa kaa. Watakupiga bure kwa ajili yangu."

Luhaga peke yake hakucheka wala hakumhurumia. Yeye alikuwa mtu wa boila, hewa hiyo aliijua. Akamsogelea.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu asubuhi ileile."

Luhaga akageuka, akambeba mama yake mgongoni, akampandisha kwenye lori.

Jioni Efraimu alikwenda kwa Ferista. Habari ilikuwa imeshamfikia. Alikuwa ameketi uani kwenye baridi, kanga moja tu mabegani.

"Ni kweli, kaka?"

"Ni kweli, dada."

Akapiga magoti mbele yake. Alitaka apigwe. Alitaka atukanwe mpaka majirani wasikie, na angeshukuru. Ferista hakuinua hata sauti.

"Kichwa kiliniuma usiku," akasema. "Mtoto akawa analialia, nikataka kufungua. Nikakumbuka ulivyoniambia. Nikaamka, nikavua kanga niliyojifunga, nikaziba na chini ya mlango."

Ferista alikuwa anaitazama mikono yake, akiigeuza huku na huku.

"Nilikuwa na mchawi wa kumlaumu, kaka. Heri ungeniachia."