Herufi Tatu Chini ya Selotepu

Saa mbili kasorobo asubuhi, katika chumba cha chini cha ofisi ya vizazi na vifo, pasi ndogo ya umeme inapata moto. Mwanamke wa miaka hamsini na tisa, miwani imemshuka hadi ncha ya pua, anaigusisha kwenye kitambaa alichotandaza juu ya ukurasa wa daftari kubwa. Anahesabu kimoyomoyo hadi nane. Anaiondoa. Kisha anachukua kisu butu, chembamba kama jani, na kuanza kuinua ncha ya selotepu iliyogeuka kahawia.

 

Wenzake wanamwita Mama Selotepu. Zamani lilikuwa jina la sifa. Siku hizi mlinzi wa mlangoni humwamkia kwa heshima zote, kisha humuuliza leo anakwenda kubandika au kubandua. Yeye huitikia marahaba na kushuka ngazi.

Anabandua. Na selotepu zote anazobandua alizibandika mwenyewe.

Alikuwa na miaka ishirini na minne alipoajiriwa ukarani. Madaftari yalikuwa hoi, kurasa zimechanika pembeni kwa vidole vya makarani waliokuwa wakivilowesha kwa mate. Mkuu wake wa wakati huo alimkabidhi katoni ya selotepu na kumwambia ayaokoe. Hakupewa kifaa cha kukatia, akakata kwa meno. Kila asubuhi kazi ilianza kwa kutafuta ncha kwa ukucha, akizungusha na kuzungusha, mpaka aipate.

"Nilijiona daktari," anasema. "Ukurasa umepasuka, unabandika, maandishi yako palepale, tena yanang'aa. Ningejuaje kama ninamuua mgonjwa?"

Aliandikiwa hata barua ya pongezi. Akaibandika ukutani kwake kwa hiyohiyo selotepu.

Selotepu yenyewe haikutengenezwa kwa ajili ya vitabu. Ilitoka kiwandani mwanzoni mwa miaka ya thelathini ya karne iliyopita, ikikusudiwa kufungia vifungashio vya vyakula. Ulikuwa wakati wa dhiki, watu hawana cha kununulia kipya, wakagundua kwamba kiutepe kile kinashika karibu kila kitu: ukurasa, kioo cha dirisha, mwanasesere aliyekatika mkono. Kikaingia majumbani na hakikutoka tena. Kwa Mama Selotepu kinashikilia kifuniko cha rimoti, mguu wa miwani ya akiba na pazia la bafuni. Mumewe, dereva mstaafu, husema anaogopa kulala mdomo wazi asije akaamka umebandikwa.

Lakini gundi ile huzeeka vibaya. Miaka ikipita, plastiki hujikunja na kung'oka, gundi ikabaki na kuzama katika karatasi kama mafuta ya kupikia kwenye gazeti. Wino wa biro huyeyuka humo. Herufi hutanda, hushikana, mwisho huwa wingu la buluu.

Aliyajua hayo miaka mitatu iliyopita, pale mtaalamu wa nyaraka alipokuja kuwafundisha kwa siku mbili na kuwaonyesha ukurasa ulioharibiwa, kwa maneno yake, na mtu asiyejua. Wenzake walimtazama Mama Selotepu wakaangua kicheko. Yeye aliomba ruhusa ya kwenda msalani, akakaa huko mpaka chai ya saa nne ikaisha.

Madaftari yenye selotepu yake ni arobaini na sita. Amemaliza thelathini na moja. Siku nzuri husafisha kurasa nne; siku mbaya mstari mmoja. Pamba ya kufutia gundi ananunua kwa fedha yake. Amebakiza miezi minne kustaafu, na hakuna aliyeteuliwa kushika kisu chake.

Ukurasa wa leo ni wa fundi cherehani mmoja, mwanamke wa miaka thelathini na minane, aliyeshuka ngazi hizi wiki tatu zilizopita akishikilia kiuno, mimba yake ya miezi saba. Ni mimba ya kwanza baada ya miaka kumi na miwili ya ndoa, na vipimo vinasema ni mtoto wa kike.

Fundi hakuja kutafuta cheti. Alikuja kutafuta jina. Mama yake alifariki siku tatu baada ya kumzaa. Mama mdogo aliyemlea alimtaja marehemu kwa neno "Dada" tu, naye alikufa fundi akiwa na miaka sita, kabla hajafikia umri wa kuuliza; baba hakumjua, na cheti chake cha kuzaliwa hakikuwahi kuchukuliwa. Anataka binti yake aitwe kwa jina la bibi yake, na jina hilo limeandikwa kwenye mstari mmoja wa daftari moja, chini ya selotepu.

Afisa kijana wa ghorofani, ambaye si mtu mbaya, alishauri paandikwe "haisomeki" ili mama wa watu asipandishwe matumaini bure. Mama Selotepu alimwomba ampe nafasi ya kujaribu mara moja.

Sasa utepe unainuka. Inchi ya kwanza, salama. Herufi tatu zinajitokeza kwenye karatasi, nyembamba, zimeinama kulia. Halafu karatasi inatoa mlio mdogo, ngozi yake ya juu inaondoka na gundi. Mama Selotepu anasimama, anakiinua kile kipande kwenye mwanga wa dirisha. Wino wote uliobaki umekwenda nacho, nao ni wingu.

Anakiweka kwenye bahasha. Anavua miwani, anaifuta, anaivaa, anaangalia tena.

Fundi anafika saa nne na kupewa kiti. Mama Selotepu hamzungushi. Anamwonyesha zile herufi tatu, anamwonyesha bahasha, kisha anamwambia: "Mwanangu, mimi ndiye niliyembandika mama yako. Kwa mkono huu."

Fundi anazitazama zile herufi, kisha anaigeuza bahasha.

"Mimi pia nimewahi kuwaharibia watu magauni, mama," anasema hatimaye. "Ila kitambaa kingine kinauzwa dukani."

Mama Selotepu anaitikia kwa kichwa. Hajitetei.

"Na kwa herufi tatu," fundi anaongeza, akijishika tumbo, "siwezi kumwita mtoto."

Limebaki jambo moja, nalo ndilo tumaini lake. Hospitali alikozaliwa fundi ilikuwa na daftari lake la wodi, na wazazi waliandikwa humo kabla taarifa hazijaletwa hapa. Juzi Mama Selotepu alipiga simu akaambiwa litatafutwa. Leo anapiga tena, fundi akiwa mbele yake, sauti ya simu imefunguliwa ili wote wasikie.

Karani wa huko, kijana mchangamfu, anasema daftari analo mezani. Mama asiwe na wasiwasi, liko imara. Waliokuwepo zamani walilibandika selotepu vizuri kabisa. Mstari wenyewe ameuona. Tatizo ni kwamba selotepu imekuwa kahawia, jina halionekani sawasawa, lakini pembeni imeshaanza kujikunja. Anaweza kuivuta sasa hivi awasomee.

Fundi anafumba macho.

"Usivute," anasema Mama Selotepu. Sauti yake ni ndogo, kama ya mtu anayeongea na mtoto aliyesimama ukingoni mwa kisima. "Mwanangu, nisikilize. Toa mkono hapo. Ninakuja mwenyewe Jumatatu, na vifaa vyangu. Wewe lifunge tu, polepole, usiweke kitu juu yake."

Kijana anacheka kidogo, anasema sawa mama.

Mama Selotepu hakati simu. Anaibana sikioni, amejiinamia, mpaka anaposikia daftari likifungwa.