Mpigo Mrefu wa Muleba

Niliondoka kwetu Kitendaguro kwa sababu Mwalimu Koku, anayefundisha fizikia Muleba, aliniomba niwaeleze wanafunzi wake jinsi mipigo ya leza ya eksirei, yaani mimweko yake, inavyopimwa urefu wa muda. Ni mifupi mno, hakuna saa inayoiwahi. Mambo hayo nimejifunza mwenyewe kwenye simu, na nakiri kwamba kila siku nangoja mtu agundue sijui kitu. Nikajiwekea ahadi: wasiponielewa, naacha.

Asubuhi, stendi ya Bukoba, nilililaza gurudumu la baiskeli kwenye buti la basi. Nililifunga kwa magazeti, nikalifungua, nikalifunga upya.

"Kaka, hilo si yai," kondakta akasema.

Baada ya Kemondo migomba ililificha ziwa. Nilikuwa nikirudia sentensi yangu ya kwanza. Muhutwe nikaibadilisha. Muleba nikairudisha ilivyokuwa.

Kabla ya adhuhuri tulikuwa darasani. Nilibandika karatasi nyeupe juu ya gurudumu, na Jovitha, msichana wa dawati la mbele, akalizungusha.

"Nitarusha maji ya bluu kwa bomba la sindano," nikasema. "Karatasi inazunguka. Nikirusha kwa muda mfupi, alama itakuwa fupi. Nikichelewa kuacha, itakuwa ndefu. Muda tunausoma kwenye karatasi."

Nilitaka alama safi, nisimwage hata tone pembeni, kwa hiyo nilibonyeza polepole. Gurudumu liliposimama, pete ya bluu ilikuwa imezunguka karatasi yote.

"Nimeharibu," nikasema, nikaanza kuibandua.

"Usiitoe!" Jovitha akasema. "Si imepima? Mpigo wako umezidi mzunguko mzima."

"Huo wa kumwagilia migomba," mwingine akadakia kutoka nyuma. Darasa likacheka.

Wakaanza kurusha wao, kila mtu na karatasi yake. Alama zilikuwa fupi, lakini hazikulingana.

"Na huko maabara," Jovitha akauliza, "wakipima mpigo mmoja wanajua yote?"

"Hapana. Mipigo yao nayo haifanani. Inabidi kila mmoja upimwe peke yake."

"Gurudumu lao ni nini?"

"Mwanga mwingine, ambao msukumo wake unazunguka. Eksirei inang'oa elektroni kwenye gesi, na mwanga huo unasukuma kila elektroni upande wake, kufuatana na wakati ilipong'oka."

Sentensi hiyo ndiyo niliyoiogopa kuliko zote. Nilishtuka nimeshaimaliza.

Jioni Mwalimu Koku alinisindikiza stendi.

"Muhula ujao utakuja?"

"Nikishaufanyia mkono mazoezi."

"Waitu, ndugu yangu, uache hivyo hivyo! Nani tena atatuonyesha mpigo mrefu?"

Nikamwambia nitakuja.

Nyumbani Kitendaguro nimeitundika karatasi yangu ukutani. Nilikwenda kuonyesha jinsi mwanga unavyopimwa. Kilichopimwa ni kusita kwangu, na kipimo kilikuwa sahihi.