Utepe wa Kiatu cha Kushoto

Mwaka 2018 nilikuwa nikimtunza bibi mmoja huko Richardson, ambaye ujanani mwake alicheza baleti Houston. Mimi nilikaa Garland, mji wa jirani, nikitoka baada ya alfajiri na kurudi alasiri. Kazi yenyewe ilikuwa kumwogesha, kumpikia uji asioumaliza, na kumsikiliza. Kusikiliza ndiko kulikonichosha, maana habari ilikuwa moja tu: mdogo wake aliuawa.

Ilikuwa zaidi ya miaka hamsini nyuma. Ndugu hao wawili walicheza katika kampuni moja ya baleti. Katika onyesho la mchana, mdogo mtu alipanda ngazi ya mbao jukwaani, utepe unaofungia kiatu cha kushoto mguuni ukaachia, akaanguka akavunjika shingo. Polisi walikuta utepe umeshonwa kwa uzi dhaifu. Wakasema huenda mtu aliufumua ule wa kwanza makusudi akashona upya. Mchezaji mwenzao, aliyekuwa akiitaka nafasi ya marehemu jukwaani, alionekana karibu na viatu kabla ya onyesho. Hakushtakiwa, ushahidi haukutosha, lakini kampuni ilimfukuza na hakuna nyingine iliyomtaka. Kwa wachezaji wote akawa muuaji.

Sasa naye alikuwa kizee mgonjwa wa moyo, akiishi kwa binti yake Missouri City, kando ya Houston. Kila mwaka alimtumia bibi yangu kadi yenye maneno yale yale, kwamba hakukigusa kiatu. Bibi aliziweka droo moja na viatu vya marehemu, bila kujibu. Mwaka ule kadi aliiandika binti: mama hana siku nyingi, anaomba neno moja tu.

Mimi sina subira na watu wa kununa. Nikamwambia amjibu, yaishe.

"Wewe ungemjibu aliyekuulia ndugu?" akaniuliza. "Vitoe viatu uone mwenyewe."

Nikavitoa. Akanieleza desturi yao: kila mchezaji hushona tepe zake kwa mkono wake, hata awe nyota wa kuvishwa na kuvuliwa, kwa sababu mguu wake anaujua yeye. Basi nikaangalia mishono, jambo ninaloliweza. Mama yangu Unguja alikuwa akidarizi kofia, na kofia moja hupita kwa wanawake wawili watatu. Ukimpa mama kofia, atakutajia kilele kashona nani na ubavu kashona nani. Nimekua mle.

Kiatu cha kulia kilishonwa na mtu mwenye haraka, mishono mirefu ya kurukaruka. Cha kushoto, pale uzi ulipokuwa haujakatika, kilikuwa mkono mwingine kabisa: mishono midogo, mitatu mbele na mmoja kurudi nyuma, yote imelalia upande mmoja kama ya mtu anayeshika sindano kwa mkono wa kushoto. Niliujua mkono ule. Mwezi mmoja kabla, pindo la buibui langu lilinaswa na gurudumu la kiti cha bibi likachanika, naye akasisitiza anishonee mwenyewe. Nilikuwa nimelivaa.

Nikavirudisha viatu drooni. Nyumbani nikamweleza mume wangu, Mmombasa anayeendesha lori, akacheka. "Mama watoto, wewe walikuajiri ku-care kizee au ku-investigate? Achana nayo, watakufaya, ukose kazi." Ushauri mzuri, na niliufuata siku mbili nzima.

Siku ya tatu, nikimkata kucha, nikamwuliza: "Bibi, kiatu cha kushoto alikishona nani?"

Akauvuta mkono wake. "Mdogo wangu alikuwa amechoka," akasema. "Alisinzia na sindano mkononi. Nikamalizia. Uzi uliokuwa karibu ulikuwa wa kushonea blauzi yangu."

"Ulijua lini?"

"Siku ile ile. Polisi aliponionyesha, niliujua uzi wangu."

"Na yule mwenzenu?"

"Waliuliza nani alikaribia viatu. Nikasema nilimwona. Na kweli nilimwona."

Niliweka mkasi chini nikaenda kusimama jikoni. Nilikuwa na hasira hadi masikio yanawaka. Kosa la uzi ningemsamehe kabla chai haijapoa. Lakini alimwacha mtu abebe damu isiyo yake maisha mazima, na mimi miezi sita nikampa pole kila asubuhi. Niliporudi alikuwa akilia. Akasema nimpeleke Missouri City.

Tulikwenda Jumamosi, safari ya zaidi ya saa nne, hatukuongea ila habari za choo. Yule mgonjwa alikuwa kitandani, mwembamba, kachana nywele vizuri. Binti yake alituletea chai akarudi jikoni. Bibi akasema yote, kwa sauti ya chini, bila kujitetea. Namsifu kwa hilo.

Mgonjwa akauliza: "Nani mwingine anajua?"

Bibi akaninyooshea kidole.

"Mtumishi wako tu," mgonjwa akasema. "Basi hujasema bado. Binti yangu alizomewa shuleni kwa ajili yangu. Miaka yote hii hajaniuliza hata mara moja kama niliua."

Bibi akanigeukia. "Nimechoka. Twende."

Nilijua ningeweza kufukuzwa. Nikafunga breki ya kiti chake, nikaufungua mlango wa jikoni, nikamwita binti: "Dada, njoo. Bibi ana neno lako."

Akaja anafuta mikono. Bibi alinitazama kwa chuki ambayo sijaisahau, kisha akasema tena, tangu kusinzia kwa mdogo wake hadi jibu alilowapa polisi.

Binti alimpita bibi. Alikwenda akakaa ukingoni mwa kitanda, mwanamke wa miaka hamsini na ushee.

"Mama," akasema, "niliogopa kukuuliza."

"Najua," mama yake akasema. "Nilikuwa naiona hofu hiyo kila siku."